Fundi ataka kuikata cheni pini mbili. Nimkubalie au ninunue mpya?

Barobaro wa Mtopanga
Wadau, salaam aleikum. Nina Boxer 150, kazi yake ni boda. Stejini kwangu ni Mtopanga, hapa Mombasa, lakini abiria wangu wengi ni wa Bamburi na Kongowea, na siku nyingine nashuka hadi Likoni. Cheni imelegea mno. Ajasta za nyuma, zile skrubu za kuvutia gurudumu nyuma, zimefika mwisho, hakuna tena pa kuvutia. Nikipanda ile barabara ya kutoka feri nikiwa na abiria na mzigo, nasikia "tak!" chini ya miguu, pikipiki yashtuka, kisha yaendelea kama kawaida.

Fundi wangu ameiangalia akasema cheni ni nzima, haijapasuka popote, akate pini mbili tu, yaani viungo viwili, asogeze gurudumu mbele, nitumie tena. Mwenzangu stejini asema nisikubali, ninunue cheni mpya. Kila mmoja anaongea kwa uhakika. Ninachotaka kujua ni hiki: mtu ajuaje, bila kubahatisha, kwamba cheni imekwisha?

Spana 17
Mwenzako yuko sawa. Nina gereji Changamwe, na hiyo habari ya kukata pini naisikia kila wiki, kwa hivyo acha niieleze vizuri.

Watu husema cheni imevutika. Zile bati za pembeni hazivutiki, injini ya 150 haina nguvu hiyo. Kinacholika kiko ndani, hukioni. Kila cheni inapopinda kuingia kwenye sproketi, lile duara la meno, na kunyooka ikitoka, pini yazunguka kidogo ndani ya bushi yake, yaani kibomba kinachoivika. Mchanga ukiingia hapo, au pakikosa oili, pini yaliwa upande mmoja na bushi upande wa pili, mwanya wapatikana. Kwenye kiungo kimoja mwanya huo huwezi kuuona. Lakini cheni ina viungo mia na ushee, ukijumlisha ndio unaona imening'inia.

Sasa fundi akitoa pini mbili, zile zilizobaki ameziponya? Hapana. Kila moja ina mwanya wake vile vile. Umbali wa pini hadi pini umezidi, na meno ya sproketi yalichongwa kwa umbali wa cheni mpya. Cheni ikiwa na umbali uliozidi haikai tena kwenye bonde la jino, yapanda juu juu kuelekea nchani. Ukiweka mzigo na kilima, yaruka. Hiyo "tak!" yako ndiyo hiyo, au karibu sana na hiyo.

Kupima: Boxer yako ina cheni ya 428. Ile 4 ya mwanzo maana yake ni sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi kutoka pini hadi pini, milimita 12.7. Kwa hivyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Zima injini, ingiza gia, kisha zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono kwenda mbele mpaka ligome. Upande wa chini wa cheni utakaza. Mwambie mtu akushikilie hapo. Chukua tepu, lakini usianzie kwenye kile kindoano cha mwanzo maana huwa kimelegea na kitakudanganya. Weka alama ya inchi 1 katikati ya pini ya kwanza, hesabu mpaka pini ya 25. Cheni mpya itasoma 13. Ikisoma 13 na moja ya nane, imerefuka asilimia 1, anza kuweka akiba ya spea. Ikisoma 13 na robo, imerefuka asilimia 2. Hiyo imekufa, hata kama yang'aa.

Pima sehemu tatu nne, ukizungusha gurudumu kila mara, kwa sababu cheni hailiki sawasawa. Hesabu ile mbaya zaidi.

Mzee wa Saba Saba
Vijana wa siku hizi dawa ya kila kitu ni duka. Mimi naendesha tangu pikipiki za stejini kwetu zahesabika kwa vidole, na tulikuwa tukikata cheni na maisha yaendelea. Mtu afanyaye boda hawezi kununua cheni kila akisikia tak. Akate, atafute pesa, akipata atanunua. Nyinyi mafundi mwapenda kuuza.

Spana 17
Mzee wangu, shikamoo. Sikupingi kwamba cheni hukatwa. Cheni mpya mara nyingi yaja ndefu kuliko pikipiki yako inavyotaka, hapo lazima ikatwe ilingane. Hiyo ni kazi halali. Ubishi wangu ni juu ya kukata kuukuu.

Hebu tupige hesabu pamoja, tuseme cheni ina viungo 120. Mara 12.7, urefu wake wote ni milimita 1,524. Kwa jointi ya kawaida, kile kiungo cha kuungia ncha mbili za cheni, huwezi kutoa kiungo kimoja, watoa viwili, chembamba na kipana, yaani milimita 25.4. Ili upate nafasi ya kutoa hivyo viwili na gurudumu likae palepale lilipokuwa siku cheni ilipofungwa, lazima cheni iwe imerefuka hizo 25.4. Gawanya kwa 1,524: ni asilimia 1.7. Na huyu kijana asema ajasta zimefika mwisho kabisa, si nusu. Ekseli, ule mhimili wa gurudumu, ikirudi nyuma milimita 15, cheni imerefuka kama 30, hapo ni karibu asilimia 2. Ajasta nyingi zina nafasi zaidi ya hiyo.

Kwa maneno mengine, cheni iliyofungwa kwa urefu wake sahihi, siku inapokuruhusu kuikata ndiyo siku inayokwambia ikatupwe.

Mzee wa Saba Saba
Marahaba. Hesabu nimeiona. Lakini hujajibu la pesa.

Spana 17
La pesa ndilo lanifanya niseme. Cheni iliyokwisha yakula sproketi. Ukiikata ukaendelea nayo, mwishowe utanunua cheni na sproketi zote mbili zikiwa mbovu kupindukia, na ikikatika mbele, pale kwenye sproketi ndogo, yaweza kujikunja ikapasua keisi ya injini. Keisi si bei ya cheni. Au yajiviringisha nyuma, gurudumu lafunga ukiwa katikati ya daraja la Nyali na matatu nyuma yako. Sitishi mtu, lakini nimeshona keisi za aluminiamu kwa welding kwa sababu hii hii.

Mwana wa Mtongwe
Naongeza la kwetu huku ng'ambo. Sisi wa Likoni tepu peke yake haitoshi. Cheni yaweza kusoma vizuri kwenye tepu na bado ikawa ya kutupwa, kwa sababu ya kutu. Chumvi ya hewa ya bahari, mawimbi yakirusha maji feri siku za kusi, halafu yule wa kuosha pikipiki akutilia maji ya kisima ambayo nayo yana chumvi! Waondoka inang'aa, kesho yake cheni ina rangi ya tofali.

Fanya hivi. Iweke kwenye stendi ya kati, nyutro, zungusha gurudumu nyuma polepole na uangalie cheni inavyotoka kwenye sproketi kubwa, upande wa chini. Ukiona kuna kiungo hakinyooki, kimebaki kimejikunja kama magoti, shika hicho ukichezeshe kwa vidole. Kikigoma, tia oili, ukipinde huku na huku. Kikilegea na kubaki kimelegea, sawa. Kikirudi kugoma baada ya siku chache, kutu imeingia ndani ya bushi na hakuna dawa. Viungo vitatu vinne vya hivyo, mimi sihangaiki na tepu.

Angalia pia unga mwekundu unaotoka kati ya bati. Huo si uchafu wa barabarani. Ni pini ikisagika kavu.

Nyali 520
Mimi si wa boda, naendesha pikipiki kubwa kidogo wikendi, cheni ya 520. Kwa faida ya wengine, hesabu ya tepu ya Spana hapo juu haifai kwa 520, kwa sababu pini hadi pini ni milimita 15.875. Vitabu vya Kawasaki hupima nafasi 20: mpya ni 317.5, kikomo 323. Kwa cheni za 428, kama za pikipiki zao ndogo za KLX, ni 254 kikomo 259. Ukipiga hesabu utaona ni karibu na ile ile asilimia 2. Wao huning'iniza uzito wa kilo 10 katikati ya cheni upande wa chini ili ikaze, kisha wapima upande wa juu. Mtungi wa maji wa lita 10 unafanya kazi hiyo.

Halafu cheni zenye oringi, zile zenye viraba vidogo kati ya bati, watengenezaji wengi husema zitoke mapema, zikifika asilimia 1. Grisi yake imefungiwa ndani kiwandani. Ukiona imeanza kurefuka ujue viraba vimeshindwa, na kuanzia hapo yaenda mbio.

Cha kushangaza ni kwamba muundo wenyewe haujabadilika sana tangu Hans Renold alipoubuni Manchester mwaka 1880. Ile bushi aliiweka ili mzigo wa pini usambae kwenye upana wote badala ya kukaa kwenye ukingo wa bati. Ndiyo sababu cheni yadumu hivyo, na ndiyo sababu ikianza kulika haionekani kwa nje.

Mzee wa Saba Saba
Renold hakupeleka gunia la mchele Kisauni.

Nyali 520
Hahaha, hapo sina jibu mzee.

Dada wa Mizigo
Naomba niingilie. Mimi napeleka vyakula na vifurushi kwa pikipiki ya TVS, kutwa nzima ni kusimama na kuondoka. Nilikuwa na "tak!" kama hiyo ya mwenye uzi, kila nikiachia klachi. Nilipopeleka gereji, cheni ilipimwa ikawa nzuri. Shida ilikuwa raba za habu, zile zinazokaa ndani ya gurudumu la nyuma chini ya sproketi kubwa. Zilikuwa zimesagika. Kwa hivyo kabla hujanunua, shika sproketi kubwa kwa mikono miwili, gurudumu umelifunga kwa breki, ujaribu kuizungusha mbele na nyuma. Ikicheza sana kabla ya kugoma, ni raba. Ikichezacheza kushoto na kulia, hapo ni beringi.

Pia wenye kava kamili ya cheni kama yangu, msijidanganye kwa sababu hamuioni. Kava yazuia mchanga, kweli, lakini kuna kile kitundu chenye kizibo cha mpira, wengi hawajawahi kukifungua. Kile huonyesha kulegea tu. Kuona kutu na meno, lazima kava ishuke.

Spana 17
Dada umenena. Raba za habu huwapotosha hata mafundi. Tofauti yake ni kwamba ya raba yaja ukiachia klachi au ukikata mafuta ghafla, hata tambarare. Ya cheni kuruka yaja katikati ya mvuto, kilimani, na mara nyingine yafuatana mbili tatu.

Barobaro wa Mtopanga
Yangu ni kilimani. Kesho asubuhi nitapima kabla ya kazi. Sproketi nazo naziangaliaje? Fundi asema zangu bado zina meno.

Spana 17
Meno yatakuwepo, swali ni umbo. Jino zima lafanana pande zote mbili, na bonde lake ni la duara. Lililokwisha limelalia upande mmoja, limechongoka kama pezi la papa, na bonde limekuwa refu. Anza na ndogo ya mbele. Fungua kile kifuniko cha kushoto, utakuta matope na grisi ya miaka, futa, ndipo uangalie. Ndogo huisha kwanza. Ukiwa na 14 mbele na 42 nyuma, kila jino la mbele lafanya kazi mara tatu ya jino la nyuma.

Jaribio lingine la haraka hata ukiwa stejini: nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, mahali cheni inapozunguka ikiwa mbali zaidi na injini. Ibane kwa vidole uivute kwako, utoke nayo nyuma. Nzima haiondoki. Ikinyanyuka ukaona nusu ya jino chini yake, huna haja ya tepu. Mimi wateja wangu wa gereji nawafanyia hili wakati wanalipa mambo mengine, wengine hukasirika.

Na ukibadilisha, badilisha vyote vitatu. Cheni mpya juu ya meno yaliyolalia yalazimishwa kufuata umbo bovu, utarudi kwangu mapema ukisema nimekuuzia feki.

Konde la Kisauni
Swali la pembeni. Kuna fundi alinichomekea vipande vya cheni nyingine mpya kwenye ya zamani ili iwe ndefu. Ni sawa?

Spana 17
Itoe. Vipande vipya ni nusu inchi kamili, vya zamani vimezidi. Kila vikipita kwenye meno cheni yakaza, kisha yalegea, yakaza, yalegea. Utaisikia miguuni.

Barobaro wa Mtopanga
Nimerudi. Nimepima mara nne nikizungusha gurudumu. Sehemu mbili zilisoma 13 na robo, moja ikapita robo kidogo, moja ilikuwa chini ya robo kwa unywele. Nikavuta nyuma kama alivyosema Spana, jino lote karibu laonekana. Raba za habu hazichezi. Sproketi ya mbele ndiyo imenitisha, meno yamekuwa makali kama ya kukata nazi.

Nimemwambia fundi wangu basi, anunue seti. Amenuna, lakini tepu ameiona kwa macho yake. Sasa naomba mniambie nisimame juu yake kwa mambo gani wakati anafunga, kwa sababu atafanya haraka haraka.

Spana 17
Kwanza kilipu cha jointi. Upande wake uliofumba lazima uangalie mbele, kule cheni inakoelekea, na mdomo wake uliopasuka uwe nyuma. Kikiwekwa kinyume, kitu chochote kikikigonga kitachomoka. Hakikisha kimeingia kwenye vijia vya pini zote mbili. Usikubali kilipu cha zamani kwenye cheni mpya, seti yaja na chake.

Pili, mstari. Vialama vya ajasta kushoto na kulia vilingane, kisha chutama nyuma ya gurudumu uangalie kwa jicho moja kama cheni imenyooka kutoka sproketi kubwa kwenda ndogo. Ikienda upande utaona baada ya muda sehemu ya ndani ya bati yang'aa na ubavu wa meno umekwanguka.

Tatu, na hapa ndipo mafundi wengi huharibu, asiikaze sana. Cheni iliyokaza ikiwa pikipiki iko tupu, ukipanda na abiria gurudumu lasogea juu na umbali kati ya ekseli na sproketi ya mbele waongezeka. Nafasi isipokuwepo, cheni yavuta shafti ya gia, beringi yaumia, sili yaanza kuvuja oili pale mbele. Pikipiki nyingi ndogo hutaka cheni icheze kati ya milimita 20 na 35 katikati, upande wa chini. Kipimo cha modeli yako kiko kwenye kitabu au kibandiko cha foko ya nyuma, ile mikono inayoshika gurudumu. Azungushe gurudumu atafute pale inapokaza zaidi, apimie hapo. Halafu nati ya ekseli ikazwe mwisho, na uangalie tena mchezo baada ya kukaza, maana husogea.

Cheni mpya hulegea kidogo mwanzoni inapojikalisha. Rudi uikaze baada ya siku kadhaa za kazi. Hilo ni la kawaida, si feki.

Mwana wa Mtongwe
Na asikupake ile oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Najua ni ya bure, najua kila gereji ina galoni yake. Ina unga wa chuma ndani. Grisi nayo yakaa nje tu, haiingii kwenye pini, kazi yake kubwa ni kukusanya mchanga wa Bamburi. Oili ya gia boksi, ile namba 90, kidogo kidogo, upande wa ndani wa cheni, jioni ikiwa bado ina joto la kazi. Asubuhi futa iliyozidi. Vitabu husema kila kilomita 500 hadi 1,000, lakini sisi wa kupanda feri na wakati wa mvua twaangalia cheni yenyewe. Ukiipitishia kitambaa kikatoka kikavu, tia.

Ukiosha na maji ya kisima, tia siku hiyo hiyo.

Dada wa Mizigo
Na msipake pikipiki ikiwa imewashwa kwenye gia! Kuna watu hushika kitambaa cheni ikizunguka na injini. Kitambaa kikinaswa, vidole vyafuata. Zima injini, weka nyutro, zungusha kwa mkono.

Mzee wa Saba Saba
Kijana, hiyo cheni kuukuu usimwachie fundi. Ataikata, aiuzie mwingine wa Jomvu.

Barobaro wa Mtopanga
Nimeichukua mzee, ninayo nyumbani. Nikipata nafasi naipeleka kwa wa vyuma chakavu. Seti imefungwa, kilipu nimekikagua mwenyewe, mchezo ni milimita 30 pale inapokaza. Jioni hii nimepanda kutoka feri na mama mmoja na magunia yake mawili ya viazi, haikuruka. Nimechora alama kwa rangi kwenye foko, pale ekseli ilipo leo. Spana, ekseli ikirudi milimita 15 kutoka hapo nakuja Changamwe, si ndiyo?

Spana 17
Usingoje 15. Ikifika 8 njoo na tepu tuangalie, na uniletee pikipiki ikiwa imeoshwa. Kwa maji ya mfereji.